Namba Nyuma ya Beringi

Fundi aliitoa beringi ya konirodi ya pili ya injini ya trekta letu, akaipangusa kwa kitambaa, akaigeuza mgongo. Akaisogeza juani. Akanyamaza.

"Soma mwenyewe," akaniambia, akanikabidhi.

Ni kipande kidogo cha chuma, nusu duara, upana wake vidole viwili. Upande wa ndani, ule unaokumbatia krenki, mhimili wa injini unaozungushwa na konirodi za pistoni, ulikuwa umekwaruzika na wekundu wa shaba ulishaanza kuchungulia. Upande wa mgongo bado ulikuwa unang'aa. Katikati yake zimegongwa tarakimu tatu ndogo: 010.

Nyuma yangu nikasikia mkeka ukichakarisha. Baba Mdogo alikuwa amekaa chini ya mwembe tangu asubuhi bila kusema neno. Sasa alikuwa ameinuka. Akavaa kandambili zake, akashika njia ya nyumbani.

Hakuaga.

Hii ni wiki ya sita tangu siku ile, na nimejaribu kuandika mambo mengine nikashindwa. Kila nikikaa naiona ile namba.

## "Injini hii haijawahi kushushwa"

Beringi za saizi ya kiwandani huandikwa STD, au haziandikwi kitu. Ukikuta 010, ujue krenki ilishapelekwa kwenye mashine ikachongwa, ikapunguzwa sehemu kumi za elfu moja za inchi, yaani robo milimita, halafu zikawekwa beringi nene zaidi kujaza kilichopungua. Kazi hiyo haifanyiki krenki ikiwa imekaa mahali pake. Lazima injini ishushwe na kuvuliwa yote.

Na marehemu baba alituambia maisha yake yote kwamba injini ile haijawahi kushushwa.

Aliwaambia na wateja. Mtu akija kuomba kulimiwa, akahoji kama trekta kuukuu vile litamaliza ekari zake, baba alikuwa akipiga kofi boneti na kusema: "Massey hili sijalifungua tangu nilinunue." Tulikua na sentensi hiyo kama tulivyokua na jina la ukoo. Nilipokuwa shuleni niliirudia mbele ya wenzangu kwa fahari.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita mbili na nusu. Uingereza waliacha kuyatengeneza mwaka 1975. Baba alilinunua mwaka 1986 likiwa limeshatumika, akalileta hapa Nachingwea, na tangu hapo limelima ufuta, limesafisha mikorosho ya nusu ya kijiji, limebeba magunia, mchanga, mabati, wagonjwa, na mara moja maharusi.

Msimu uliopita lilianza kukataa. Asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe. Likiwaka linatoa moshi wa buluu unaojaza uwanja. Oili lilikuwa linakunywa lita moja kila baada ya siku mbili. Ukiliingiza haro kwenye mchanga laini, linazimika.

Fundi wa kwanza aliyekuja alisikiliza kwa dakika tano. "Ringi tu hizo," akasema, yaani zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. "Nunua ringi, beringi na gasketi, siku mbili nakukabidhi." Akaniuliza kama injini ilishawahi kufunguliwa. Nikamjibu kwa sauti ya baba.

"Basi saizi ni ya kiwandani," akasema.

Nikaagiza Kariakoo. Seti nzima ya beringi, STD, kwa fedha ya gunia zaidi ya moja la ufuta. Zilifika na basi, nikaziweka kabatini kwenye boksi lake, na yule fundi akapata kazi kubwa Ruangwa, hakurudi tena.

## Injini haikushushwa siku ya kwanza

Fundi wa pili alitoka Masasi. Ni mzee, ana kisanduku cha mbao chenye mikrometa mbili zilizofungwa kwenye kitambaa cha flaneli, na ana tabia ambayo mwanzoni ilinichosha: hafungui kitu kabla hajakisikiliza kikiwa hai.

Alitupigia simu jana yake kutuambia tusiliwashe. Alifika alfajiri, saa ile watu wanapulizia salfa mashambani na hewa yote ina harufu ile kali. Akalala chini ya injini, akalegeza kidogo nati ya kumwagia oili, akakinga tone la kwanza kwenye kifuniko cha ndoo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo injini ikilala usiku kucha maji hukaa chini, na ukilegeza polepole yanatangulia yenyewe. Hayakutoka maji. Akalichukua tone, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akauelekeza mkono kwenye mwanga wa jua lililokuwa ndiyo kwanza linachomoza.

Kidole kilimeta. Chembe ndogo, rangi ya shaba.

"Beringi zinaongea," akasema, akajipangusa.

Baada ya hapo tukalisukuma, likawaka. Akaliacha lipate moto vizuri, akafungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ulikuwa unatoka pale kwa mapigo, kama mtu anayepumua kwa kinywa baada ya kukimbia. Akakigeuza kifuniko, akakiweka juu ya mdomo bila kukikaza. Kikacheza, kikacheza, kikaanguka. Hewa iliyopaswa kuisukuma pistoni ilikuwa inapenya pembeni na kushuka hadi kwenye oili.

Kisha akalegeza nati za mabomba ya nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, moja moja, injini ikiwa inaunguruma taratibu. Alipolegeza la kwanza injini ikapepesuka. La pili, vilevile. La tatu, sauti haikubadilika sana. Silinda ya tatu ilikuwa inasindikizwa na wenzake.

Ndipo akatoa geji ya kupimia kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Akazitoa nozeli, akafunga geji mahali pa nozeli, tukapiga staa. Nikasoma: 210, 220, 190, paundi kwa inchi ya mraba. Nilikuwa na daftari. Akaniambia nisiandike.

"Hiyo ni afya ya betri yako, siyo ya injini."

Alikuwa sahihi. Injini ikizungushwa polepole, hewa inapata muda wa kuvuja kabla haijabanwa, na geji inasoma chini hata kama silinda ni nzima. Tukaazima betri ya lori la mchanga. Mara hii zikasoma 300, 310, 240. Hapo ndipo akaruhusu kalamu. Dizeli nzima ya aina hiyo inapaswa kupita hapo, lakini kilichomshughulisha zaidi ni ile tofauti: silinda ya tatu ilikuwa imeachwa mbali na wenzake.

Akamimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda ya tatu, tukazungusha tena. Ikapanda hadi 320. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda mfupi. Kama tatizo lingekuwa valvu, isingepanda hivyo. Akanionya nisije nikafanya mwenyewe kwa kumimina kikombe. Kwenye dizeli nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, na oili ikizidi inaijaza hiyo nafasi, geji inapanda kwa uongo, na ikizidi zaidi unaweza kupinda konirodi.

Nikafurahi, nakiri. "Kwa hiyo ni ringi tu, kama alivyosema yule."

Akaniangalia kidogo.

"Nimesema zinavuja. Sijasema kwa nini."

## Hesabu ya pengo

Injini tuliishusha kesho yake kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Baba Mdogo alikuja akatandika mkeka wake, akakaa. Nilidhani amekuja kutuangalia tu, maana ndiye aliyeliendesha trekta hilo miaka mingi kuliko yeyote, hata kuliko baba.

Hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ilipotoka nilipitisha kidole juu ya silinda, na karibu na ukingo wa juu kidole kikakwama kwenye ngazi ndogo. Ngazi hiyo ni sehemu ambayo ringi haifiki, kwa hiyo haijalika. Chini yake chuma kimeliwa. Kucha ikikwama pale, ringi mpya nayo itakwama. Ukimsikiliza anayekwambia "weka ringi mpya", ringi ya juu yenye kona kali itapanda kila mara na kugonga ngazi ile, na baada ya wiki chache itavunjika.

Nilitaka kujua imeliwa kiasi gani. Fundi hakuwa na geji ya kuingiza ndani ya silinda. Alikuwa na majani ya kupimia mwanya, yale membamba ya chuma, na ringi mpya moja.

Akaivua slivu ya tatu, lile bomba la ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, ukungu wa masizi, akaiingiza ringi peke yake bila pistoni, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni hadi chini kabisa, mahali ambapo ringi hazitembei. Akapima pengo kati ya ncha mbili za ringi: 0.40 milimita. Akaipandisha hadi chini kidogo ya ile ngazi, akapima tena. Jani moja halikutosha, akapandanisha mawili. 1.30.

"Toa," akasema.

0.90.

"Gawa kwa tatu nukta moja nne."

Nilihitaji muda kuelewa. Ringi ni duara lililokatwa. Silinda ikipanuka, mzunguko wake unaongezeka mara tatu nukta moja nne ya upana, na ongezeko lote linajionyesha kwenye pengo la ringi. Kwa hiyo pengo ni kama kioo kinachokuza. Robo milimita ambayo jicho haiwezi kuiona inakuwa karibu milimita nzima kwenye pengo. Jibu lilikuja 0.29. Silinda ya kwanza 0.27. Ya pili 0.22.

Kipimo hicho kina upungufu wake, na alinieleza: kinakupa wastani wa duara lote, hakikuonyeshi kama silinda imekuwa yai. Lakini mtu ambaye yuko kijijini, mwenye majani ya chuma na ringi moja, anajua sasa kitu ambacho fundi wa kwanza hakukijua kwa kusikiliza dakika tano. Kwa mzee huyu, ikipita 0.20 haongei habari za ringi tena. Slivu zitoke.

Niliandika namba zote tatu. Halafu nikafanya jambo ambalo linanisumbua mpaka leo. Nilimwomba apime tena, nikitumaini zitapungua.

Hazikupungua.

## Mpira

Alichokifanya baadaye ndicho kilichonifanya nimheshimu. Alipomaliza kujua silinda zimeliwa kiasi gani, hakuendelea na beringi. Alikwenda kukaa na chujio la hewa.

Massey hizi zina chujio la bakuli la oili. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa. Bakuli lilikuwa safi, oili yake ilikuwa sawa. Nilimwambia tunalisafisha kila wiki wakati wa palizi. Akakubali kwa kichwa, akaendelea kuushika mpira unaotoka kwenye chujio kwenda injini, akiubinya kidogo kidogo kama mtu anayepima embe. Upande wa chini, ule usioonekana ukisimama, mpira ukafunguka kama mdomo. Ufa wa urefu wa kidole.

Tulikuwa tunasafisha mlango wa mbele, vumbi linaingia kwa dirisha la nyuma.

Akaniita nione ringi. Ya juu kabisa imeliwa kuliko zote, na uso wake hauna mng'aro, umekuwa wa kijivu kama kitu kilichopigwa msasa. Ringi za chini zina nafuu. "Uchafu uliotoka juu unaanza kula juu," akasema. Kama ungekuwa ndani ya oili, ungeanza na beringi na ringi za chini.

Nilikaa na mpira ule mkononi muda mrefu. Mchanga wetu mnaujua. Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947, kule Kongwa udongo ulikula majembe ya matrekta yao mpaka wakashangaa. Hapa kwetu Nachingwea walipata udongo mwepesi zaidi, lakini mwepesi maana yake unaruka, na kinachoruka kinaingia. Kipande cha mpira cha bei ya chakula cha mchana ndicho kilichoimaliza injini. Tungeweka slivu mpya, pistoni mpya, ringi mpya, na kuurudisha mpira uleule, tungekutana tena chini ya mwembe baada ya misimu miwili.

Kwa hiyo silinda zilikuwa zimejieleza. Lakini zile chembe za shaba kwenye kidole hazikutoka kwenye silinda.

## Kalenda

Beringi ndiyo mliyoisoma hapo juu. 010.

Baada ya Baba Mdogo kuondoka, jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa la kumtetea baba. Alilinunua likiwa limetumika. Basi krenki ilichongwa na mwenye nalo wa kwanza, kabla ya 1986, baba hakujua. Alisema alichokiamini. Nikamweleza fundi hivyo, haraka haraka, kama mtu aliyeko mahakamani.

Fundi hakubisha. Aliendelea kufungua kifuniko cha mbele, kile kinachoficha gia za taimingi. Kilipotoka, gasketi yake ilibaki imeng'ang'ania kwenye bloku. Haikuwa gasketi ya dukani. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu, kazi ya mtu mvumilivu, kila tundu la bolti limetobolewa sawasawa. Kijana wake akaanza kuikwangua kwa wembe. Upande wa pili ulikuwa na wino.

Nikamwambia aache.

Niliibandua mwenyewe, polepole, ikachanika mara mbili. Oili ilikuwa imeifanya rangi ya chai. Lakini vilionekana vijisanduku vya tarehe, vikipinda kufuata umbo la kifuniko, na kwenye kona moja tarakimu nne: 1994.

Kalenda ya ukutani.

Mwaka 1994 trekta lilikuwa la baba. Mimi nilikuwa na miaka saba, ninakumbuka lilikaa nyuma ya nyumba kwa muda likiwa limefunikwa turubai, na nakumbuka tuliambiwa ni giaboksi.

Usiku ule sikulala vizuri. Hasira yangu ilianzia kwenye jambo dogo kabisa, lile boksi la beringi STD kabatini ambazo hazitaingia kwenye krenki hii kamwe, na duka halizirudishi. Gunia la ufuta limepotea kwa sababu nilirudia maneno ya mtu niliyemwamini bila kuyapima. Halafu hasira ikapanda kwenda kwa baba mwenyewe. Ni mtu aliyetuchapa kwa kusema uongo. Kama hili halikuwa kweli, lipi jingine?

Mkiwa na wazee waliotangulia mtanielewa. Huwezi kwenda kumuuliza.

## Cherehani

Nilimuuliza mama. Alikuwa anamenya ming'oko. Nilimwekea gasketi kwenye ungo, pembeni ya maganda.

Hakuishangaa hata kidogo.

"Cherehani yangu iko ndani ya hiyo injini," akasema.

Nilijua mama alikuwa na cherehani zamani. Nilidhani iliharibika.

Mwaka ule wa 1994, Baba Mdogo alikuwa na miaka kumi na tisa na ndiyo kwanza amekabidhiwa usukani. Alimwaga oili chakavu shambani kwa mtu, akarudisha ile nati ya chini kwa mkono, akaitwa kula. Aliporudi akajaza oili mpya, akawasha. Nati hakuikaza. Kulipokucha tena alikuwa katikati ya shamba, nati ikadondoka, oili yote ikamwagika mchangani, na yeye anaendelea kulima mpaka injini ikanoki.

Baba aliuza cherehani, akauza na mbuzi. Krenki ilikwenda Dar es Salaam kwa meli kutoka Mtwara, maana ilikuwa masika, na barabara ya zamani kabla ya daraja la Rufiji kila mtu wa huku anaikumbuka. Ukifika kivuko cha Ndundu siku mbaya, unalala. Ilirudi imechongwa. Yeye na fundi mmoja, ambaye sasa ni marehemu, waliifunga usiku kwa mwanga wa karabai ili majirani wasione.

"Kwa nini usiku?"

"Nani angempa mdogo wake shamba tena alime?"

Mama akaendelea kumenya. Baadaye akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu cha kawaida, kwamba baba alimwambia Baba Mdogo siku ileile: hii injini haijawahi kushushwa, umenielewa? Na akaisema mbele za watu kila mwaka mpaka ikawa hivyo.

Sikujua niseme nini. Bado sijui. Ninaelewa kwa nini aliisema mwaka 1994, kijana akiwa na kumi na tisa na jina lake lote liko mbele yake. Sielewi kwa nini aliendelea kuisema kwangu mwaka 2015, nilipoanza kulishughulikia trekta kwa fedha yangu. Angeweza kunivuta pembeni. Labda baada ya miaka ishirini sentensi inakuwa ya kweli kinywani mwa anayeisema. Labda alikuwa bado anamlinda mdogo wake, na mimi nilikuwa mmoja wa watu wa kulindwa nao. Hilo la pili linaniuma, na linanifanya nimpende, yote mawili kwa pamoja, na sijaweza kulitenga moja na lingine.

## 020

Fundi alipima vishingo vya krenki, zile sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, kwa mikrometa, kila kimoja mara nne, juu na pembeni, mwanzo na mwisho. Sikumwomba arudie. Cha pili kilikuwa kimeanza kuwa yai na kina mikwaruzo inayokamata kucha. Ilibidi ichongwe tena, hadi 020. Injini hizi zinakubali mpaka 030, kwa hiyo imebaki nafasi moja.

Niliipeleka mwenyewe. Niliifunga kwa magunia, nikaisimamisha kati ya miguu yangu kwenye basi kutoka Masasi, kwa sababu fundi hakutaka ilazwe njia nzima ikirushwarushwa. Tulipita Ndanda, tukapita Mnazi Mmoja, jioni tukavuka Daraja la Mkapa bila hata kupunguza mwendo. Nilifikiria baba mwaka 1994 na krenki hiihii kwenye sitaha ya meli, na hadithi gani aliwapa waliomuuliza anabeba nini.

Mimi waliponiuliza niliwaambia. Krenki ya Massey, ya marehemu baba, inachongwa mara ya pili.

Niliporudi na beringi za 020, slivu tatu, pistoni na mpira mpya wa hewa, Baba Mdogo alikuwa kwenye mkeka wake chini ya mwembe. Nilimsalimia, shikamoo, marahaba. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kibiti, na yote yakanitoka. Ni yeye aliyeanza.

"Mama yako kakwambia."

"Kaniambia, Baba Mdogo."

Akakaa kimya muda wa kumaliza sigara. "Mimi nilitaka kusema siku ya msiba," akasema. "Ikawa kama ninamsema marehemu."

Hatukulizungumza zaidi. Alininyooshea mkono nimpe ile beringi ya zamani, akaigeuza, akaitazama ile 010 kwa karibu, kwa sababu macho yake sasa si mazuri, akaitia mfukoni. Sijaiomba.

Kufunga kulichukua siku nne. Sitawaeleza yote. Fundi alikaza bolti za meini, yaani beringi kuu zinazoshika krenki, na za konirodi kwa spana yenye kipimo, na kila alipokaza moja aliizungusha krenki kwa mkono kuona bado inateleza. Kwenye kifuniko cha mbele tuliweka gasketi ya dukani. Kwenye daftari nimeandika ukurasa mmoja: tarehe, slivu mpya, krenki 020, na juu yake, kwa mwandiko wangu, 1994, krenki 010. Nimeutia kwenye mfuko wa plastiki, umo kwenye sanduku la spana.

Siku ya kuwasha, kabla oili haijamiminwa, Baba Mdogo aliomba spana. Hakusema ya nini. Akalala chini kwa shida, goti lake moja halikunji vizuri, akaingia hadi kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Tulisikia spana inagonga chuma, kimya, kisha inagonga tena. Fundi alishaikaza ile nati tangu jana yake na mimi nilimwona. Wote wawili hatukusema kitu.

Liliwaka mara ya pili kupigwa staa. Geji ya oili ikapanda. Moshi wa kwanza ulikuwa mweupe, ukapotea.

Jioni alitandaza maboksi chini ya trekta, kuanzia mbele hadi nyuma, akayawekea mawe yasipeperuke. Asubuhi nilipoamka nilimkuta ameshachuchumaa pale. Boksi la mbele lilikuwa kavu. Kwenye la nyuma kulikuwa na tone moja, kubwa kama shilingi mia.

Akaligusa kwa kidole, akalinusa.

"Hii ya haidroliki," akasema. "Hiyo tutaiona baada ya mavuno."